Mtoto akisema "naogopa", tusimjibu "nyamaza"

Risasi zikisikika usiku kandokando ya Bunia, neno la kwanza ambalo watoto wengi wanalisikia kutoka kwa wazazi wao ni moja: nyamaza. Taa inazimwa, mlango unafungwa, wote wanalala chini, na mama anamkumbatia mdogo anayetaka kulia. Usiku kama huo neno hilo lina kazi yake. Linaweza kuokoa maisha.

Shida inaanza asubuhi. Pikipiki zinaanza kupita tena, wakubwa wanakutana barabarani na kuulizana: ilikuwa upande gani, wamekufa wangapi, ni nani walioshambulia? Mtoto amesimama palepale na bidoni yake ya maji, anasikia yote. Akiuliza, "Mama, watarudi tena?", anapewa jibu lilelile la usiku: nyamaza, hayo si mambo ya watoto.

Nyamaza ya usiku inamlinda mtoto. Nyamaza ya asubuhi inamwacha peke yake na hofu yake. Sisi wazazi wa Bunia hatuna uwezo wa kuzima vita vya Ituri. Lakini namna mtoto anavyoubeba mzigo wa vita hivyo inategemea sana yanayosemwa na yanayofanyika ndani ya nyumba yake, na mengi ya hayo hayahitaji pesa.

Hofu yao ina sababu

Hatuzungumzi juu ya watoto wanaoogopa vivuli. Tangu Desemba 2017, mauaji yaliporudi katika Djugu, familia nyingi zilikimbilia Bunia na kulala katika viwanja vya hospitali kuu na karibu na ISP, kabla ya wengi kuhamishiwa Kigonze. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022, watu karibu 60 waliuawa katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Plaine Savo. Tarehe 12 Juni 2023 ikawa zamu ya kambi ya Lala: watu 46 waliuawa, na karibu nusu yao walikuwa watoto. Upande wa Irumu na Mambasa, waasi wa ADF wameua watu mashambani, njiani na hata kanisani. Huko Komanda, usiku wa kuamkia 27 Julai 2025, waamini waliokuwa katika mkesha wa maombi walishambuliwa, na zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Utawala wa kijeshi uliowekwa Mei 2021 katika Ituri na Kivu ya Kaskazini haukuweza kuyazuia hayo.

Mtoto aliyezaliwa Djugu mwaka huo wa 2017 anakaa leo kwenye benchi la shule ya msingi, na bado hajaonja mwaka mmoja mzima wa amani. Hata mwenzake aliyezaliwa katikati ya mji, ambaye hajawahi kukimbia usiku, anasoma darasa moja na yule aliyekimbia. Wanasimuliana. Kwa hiyo tusiseme kwamba hofu ni ya watoto wa kambini tu. Iko Mudzipela, iko Lumumba, iko Nyakasanza, iko Sukisa, katika nyumba za mabati na katika nyumba za matofali vilevile.

Hofu isiyosema jina lake

Mkubwa akiogopa anaweza kusema, hata kama ni kwa rafiki yake tu. Mtoto mara nyingi hajui kwamba kitu kinachomsumbua kinaitwa hofu. Mwili wake ndio unaosema. Kila asubuhi ya shule tumbo linamuuma, na Jumamosi limepona. Msichana wa miaka 9 aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani anaanza upya. Kijana wa miaka 11 hataki tena kwenda choo cha nje bila kusindikizwa. Mwingine anaruka mlango ukipigwa na upepo. Mwingine anakuwa mkali, anapiga wadogo zake, anamjibu mama yake vibaya. Wengine wanacheza vita siku nzima kwa bunduki za miti. Na wako wale wanaonyamaza kabisa. Hao tunawasifu, "mtoto mzuri, hana usumbufu", kumbe ndio wanaoumia zaidi bila mtu kuwaona.

Tukikosea kusoma dalili hizo, tunaongeza kidonda juu ya kidonda. Anayekojoa kitandani anachapwa, halafu godoro lake linaanikwa mahali ambapo majirani wote wataliona. Anayekataa shule anaitwa mvivu. Mwenye hasira anaitwa mwenye kiburi. Mbaya kuliko yote, mtoto anayeota ndoto mbaya na kupiga kelele usiku anaweza kuambiwa kwamba ana ulozi, akapelekwa kwenye chumba cha maombi, akafungishwa chakula kwa siku nyingi ili "aungame".

Hapo sheria ya nchi yetu iko wazi. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumshitaki mtoto kwamba ni mlozi, na anayefanya hivyo anaweza kuhukumiwa kifungo cha mwaka 1 hadi 3. Sipingi maombi. Sala ya pamoja jioni, mtoto akiwa katikati ya watu wanaompenda, inaweza kumtuliza sana. Lakini njaa na kupigiwa kelele na watu kumi waliomzunguka haviwezi kumwondolea hofu mtoto ambaye tayari ameona watu wakimkimbiza na mapanga.

Wazazi wa leo ni watoto wa 2003

Kwa nini tunakimbilia neno nyamaza? Nafikiri jibu moja liko katika historia yetu wenyewe. Mei 2003, baada ya jeshi la Uganda kuondoka, makundi yenye silaha yalipigania Bunia barabara kwa barabara. Mamia ya raia waliuawa. Maelfu walijaa karibu na kituo cha Umoja wa Mataifa na kwenye uwanja wa ndege, mpaka Juni lilipofika jeshi la Ulaya lililoongozwa na Ufaransa, katika operesheni iliyoitwa Artemis. Aliyekuwa na miaka 10 wakati ule leo amepita 30. Ndiye baba au mama wa watoto tunaowazungumzia.

Dunia ilikubali kwamba vita vile viliwajeruhi watoto. Mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague ilimhukumu Thomas Lubanga miaka 14 gerezani kwa kuwaingiza jeshini na kuwatumia vitani watoto wenye chini ya miaka 15. Mwaka 2017 mahakama hiyo ilikadiria fidia kwa waathiriwa kuwa dola milioni 10. Lakini watoto wengi wa mwaka 2003 hawakuwa wanajeshi. Walikuwa chini ya kitanda, au kichakani, au mgongoni mwa dada yao. Hakuna aliyewauliza waliona nini. Walifundishwa kwamba mwenye nguvu ni yule anayesahau upesi. Leo wanawafundisha watoto wao somo hilohilo, kwa nia njema kabisa.

Kuna sababu nyingine, na hii watu wa Ituri tunaijua bila kuambiwa. Mzazi anaogopa kwamba akianza kueleza, atalazimika kutaja makabila. Anaogopa kupanda chuki, au mtoto kwenda kurudia maneno shuleni na kuleta matatizo. Hofu hiyo ina msingi. Lakini ukimya wetu hauwaachi watoto bila maelezo. Wanayaokota kwa wavulana wa barabarani, kwenye simu, kwa mjomba mwenye hasira. Na maelezo ya barabarani yana jibu moja rahisi: kabila lile ndilo baya. Anayetaka mtoto wake asikue na chuki aanze yeye mwenyewe kumweleza, kabla wengine hawajamweleza. "Watu wenye silaha walishambulia kijiji. Waliofanya hivyo walifanya kosa kubwa. Si wote wanaosema lugha yao waliofanya hivyo." Mtoto wa miaka 7 anaelewa sentensi hizo tatu.

Nyumba inaweza kufanya nini

La kwanza ni kujibu kweli, kwa maneno machache. Mtoto akiuliza kama watarudi, tusimwapie kwamba hawatarudi kamwe. Wakirudi, hatatuamini tena siku ambayo tutataka atuamini. Papa anaweza kumjibu hivi: "Sijui kama watarudi. Usiku huu hapa kuna utulivu. Mimi na mama yako tunasikiliza, na kukiwa na hatari tutakuamsha na tutakushika mkono." Jibu hilo halina uongo, na lina kitu cha kushikilia. Kisha tumwache aulize tena. Mtoto anayeuliza swali moja mara tano hatusumbui kwa makusudi. Anapima kama jibu bado ni lilelile.

La pili ni simu. Baada ya kila shambulio, picha za maiti na sauti za watu wanaolia zinazunguka katika makundi ya WhatsApp kabla hata habari haijathibitishwa. Mzazi anazifungua sebuleni, watoto wakiwa wameegemea bega lake. Mtoto mdogo hajui kwamba video aliyoiona mara sita ni ya tukio moja. Kwake watu wamekufa mara sita. Tuzitazame mbali nao, kama ni lazima kuzitazama. Habari za redio zinaweza kusikilizwa mara moja kwa siku, kisha redio inafungwa na maisha yanaendelea.

La tatu ni utaratibu. Vita vinampora mtoto uwezo wa kujua kesho itakuwaje. Nyumba inaweza kumrudishia kipande chake: saa ya kula ileile, saa ya kuoga ileile, hadithi moja ya koko kabla ya kulala, kwenda shule kila siku ambayo njia iko salama. Mtoto anayejua kwamba baada ya chakula yeye ndiye anayeosha sahani, na baada ya hapo wanaimba, ana kitu kimoja ambacho hakijatikisika. Hata katika hema la Kigonze hilo linawezekana, ingawa ni kwa taabu zaidi.

La nne ni kuufundisha mwili kutulia. Mtoto aliyeshtuka moyo wake unakwenda mbio, na maneno hayaingii. Tukae naye, tumwambie avute pumzi polepole kwa pua huku tukihesabu hadi nne, kisha aitoe kwa mdomo taratibu kama mtu anayepoza uji wa moto. Mara tano, mara sita, sisi tukifanya pamoja naye. Kisha tumuulize anaona nini mbele yake, anasikia nini, anagusa nini, mpaka ajue kwamba yuko hapa, leo, na si kule, usiku ule. Zoezi hili lifanywe mchana, kama mchezo, ili siku ya hatari aweze kulikumbuka.

La tano ni mpango wa familia. Wazazi wengi hawapendi kuzungumza na watoto juu ya kukimbia, wakidhani watawatisha. Mara nyingi ni kinyume chake. Mtoto anaogopa zaidi asipojua atafanya nini. Tukubaliane: nani anambeba mdogo, tunapita njia gani, tukipotezana tunakutana wapi, jina kamili la baba na la mama ni lipi, namba ya simu ni ipi. Mtoto wa miaka 8 anayejua kwamba kazi yake ni kushika mkono wa mdogo wake anapata ujasiri ambao hotuba yoyote haiwezi kumpa.

La sita ni kucheza na kusimulia. Mpira wa kanga, kamba, kuchora kwenye udongo, ngoma. Akichora nyumba inayoungua, tusimnyang'anye kijiti. Tumuulize, "Niambie, hapa kunatokea nini?" Utafiti mmoja uliotolewa mwaka 2013 na watu wa Chuo Kikuu cha Queen's cha Belfast ulifanyika hapa kwetu mashariki mwa Kongo, pamoja na wavulana walioathiriwa na vita, baadhi yao waliowahi kuwa wanajeshi. Katika vikundi walijifunza kutuliza mwili, kutambua mawazo yanayowatesa na kusimulia yaliyowapata wakiwa na mtu wa kuwasikiliza. Dalili zao zilipungua sana, na miezi 3 baadaye walikuwa bado nafuu. Mzazi si mganga, na asimlazimishe mtoto kusimulia. Lakini utafiti huo unatuonyesha kwamba kusimulia mbele ya mtu anayesikiliza hakumharibu mtoto, kama wengi tunavyodhani.

La mwisho linahusu kuwatuma watoto mbali. Familia nyingi za Ituri hupeleka watoto kwa shangazi Kisangani, kwa mjomba Aru au ng'ambo ya ziwa Uganda, ili wawe salama. Pale ambapo kifo kiko mlangoni hakuna la kujadili. Lakini tujue pia gharama yake. Septemba 1939, vita vilipoanza Ulaya, Uingereza iliwaondoa watu karibu milioni 1.5 mijini kwa siku chache, wengi wao watoto, ikawapeleka vijijini kwa familia wasizozijua. Anna Freud, aliyeendesha nyumba za kulea watoto mjini London wakati wa vita hivyo, aliandika pamoja na Dorothy Burlingham kwamba watoto wengi walivumilia mabomu wakiwa karibu na mama zao kuliko walivyovumilia kutenganishwa nao. Waliona pia kwamba mtoto husoma uso wa mama: mama akitulia, naye hutulia. Kwa hiyo anayelazimika kumtuma mtoto ampigie simu siku zinazojulikana, amwambie kwa nini amekwenda, na asimwache akidhani amefukuzwa.

"Tutakula nini kwanza?"

Najua jibu la wengi. Mama aliyekimbia Djugu na watoto watano, anayebeba mizigo sokoni ili wale ugali na sombe mara moja kwa siku, hana nafasi ya mazoezi ya pumzi. Na amani ndiyo dawa yenyewe; bila amani hayo yote ni kupaka mafuta juu ya jipu.

Ni kweli kwamba hakuna neno tamu linaloshibisha. Lakini mtoto asiyelala hasomi, asiyesoma anaacha shule, na mvulana aliyeacha shule akiwa na hasira kifuani ndiye ambaye makundi yenye silaha yanamtafuta. Tumekwisha kuliona hilo hapa Ituri, na hukumu za The Hague zimeliandika. Kungoja amani ndipo tuwasikilize watoto ni kuiandalia vita ijayo askari wake. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua.

Tena mzazi hawezi kutoa kikombe chake kikiwa kitupu. Mama ambaye mwenyewe haamki bila kutetemeka anahitaji mtu wa kumsikiliza: jirani, mamaa wenzake wa kanisa au wa likelemba, mzee wa familia. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika maeneo yaliyopitia vita mtu 1 kati ya 5 anaishi na tatizo la afya ya akili. Hilo si aibu ya familia moja. Ni hesabu ya mji mzima.

Na kuna mipaka ambayo nyumba haipaswi kuivuka peke yake. Mtoto ambaye kwa wiki kadhaa halali, hali, hazungumzi tena, anajiumiza au anasema anataka kufa, apelekwe upesi kwenye kituo cha afya na akutane na mtu aliyefundishwa kazi hiyo. Aliyebakwa apelekwe mara moja, kabla ya saa 72, kwa sababu kuna dawa ambazo hazingoji. Mjini Bunia kituo cha Karibuni wa Mama cha shirika la SOFEPADI kinajulikana kwa kuwapokea wanawake na wasichana waliofanyiwa ukatili huo.

Hapo ndipo viongozi nao wanapaswa kuulizwa. Vituo vya afya vingi havina hata mtu mmoja aliyefundishwa kumsikiliza mtoto. Wasaidizi wa kisaikolojia, wale tunaowaita APS, wanalipwa na mashirika ya misaada. Mradi ukiisha, nao wanaondoka. Walimu tangu elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mwaka 2019 wana madarasa yaliyojaa, na hakuna aliyewaonyesha cha kumfanyia mwanafunzi anayejificha chini ya meza helikopta ikipita. Serikali ya jimbo inaweza kuanza na mambo matatu ya kawaida: siku chache za mafunzo kwa mwalimu mmoja au wawili wa kila shule kabla ya masomo kuanza Septemba, mhudumu mmoja wa kudumu wa afya ya akili katika kila eneo la afya, akilipwa na taifa na si na mradi, na kupiga marufuku fimbo kwa mtoto anayeogopa kuja shule. Redio zetu, kuanzia Candip, zinaweza kutoa saa moja kwa wiki ambapo wazazi wanauliza na wenye ujuzi wanajibu, kwa Kiswahili na kwa lugha za vijijini.

Hayo yatachukua muda, na tutaendelea kuyadai. Lakini swali la mtoto halingoji bajeti. Ameuliza kama watarudi. Tuweke simu chini, tukae karibu naye, na tumjibu.